Vitambaa Kumi na Sita

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani pa cherehani,
Jumapili, 26 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Kwanini,

Pokea salamu zangu, nyingi kiasi kwamba bahasha hii nimeifunga kwa gundi mara mbili. U hali gani huko? Kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekuachia? Unakula chakula cha moto, au bado unaishi kwa mkate na chai kama mlinzi wa lindo? Na yule mwenzako anayeimba bafuni alfajiri, ameshahama au umeshajifunza nyimbo zake? Nijibu swali moja baada ya jingine, usiniruke kama ulivyofanya mara ya mwisho.

Sasa hapa ndipo mtu huandika "sisi huku hatujambo", na kalamu yangu imegoma. Niliandika hivyo mwezi Machi, nikaandika tena mwanzoni mwa mwezi huu, na mara zote mbili nilikudanganya. Kaa chini. Umekaa? Baba anaumwa. Ana saratani ya tezi dume, nayo imefika kwenye mifupa ya mgongo. Anatembea, anakula, anagombana na redio, na jana alinicheka mpaka akashika mbavu. Nimekuambia yote kwa pumzi moja ili usikimbilie ukurasa wa mwisho kutafuta neno baya. Halipo. Soma polepole, kwa sababu nina mambo ya ajabu ya kukueleza, na wewe umo ndani yake hata kama hukuwapo.

Ilianza wiki ya kwanza ya Machi. Baba aliaga kwamba anakwenda kununua kitambaa, kama anavyoaga siku zote. Alirudi alasiri na kifurushi kwapani, akafika kwenye ile ngazi moja ya mlangoni, akashindwa kuinua mguu. Mama akadhani anafanya mzaha, akamwambia apite, mchezo gani huo mbele ya majirani. Alipouona uso wake ndipo akaniita. Tulimwinua, mimi upande huu, fundi redio wa jirani upande ule, na kifurushi hakukiachia.

Hospitali aliingia kwa daktari peke yake. Mimi nilitaka kumfuata ndani, akaniuliza kama na mimi nina tezi dume. Nikabaki kwenye benchi. Alitoka na karatasi ya dawa na maneno machache: wamekuta saratani, imeshuka mgongoni. Nikamuuliza imeanza lini. Akanijibu kwamba wenyewe ndio kwanza wanaiona. Mdogo wangu, mimi nalipwa mshahara kuuliza swali hilohilo kwa nchi nzima, lakini kwa baba yangu mzazi niliridhika na jibu la kwanza. Ama kweli mganga hajigangi.

Nadhani hujawahi kuielewa kazi yangu vizuri. Najua huwaambia rafiki zako kwamba dada yako ni karani wa hospitali, basi. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya chumba cha kufulia, na dirisha langu linatazama mashuka yanavyoanikwa. Kila anayegunduliwa saratani popote nchini huja kwetu akiwa kadi moja ya kijani: umri, mtaa, kazi anayofanya, kiungo kilichoshikwa, na tarehe ya kugunduliwa. Mwisho wa mwaka tunatoa hesabu: katika kila watu laki moja, wagonjwa wapya ni wangapi. Kwa hesabu hiyo ndiyo wakubwa wanaamua mashine ziende wapi na dawa ziagizwe kiasi gani.

Sharti kubwa ni moja tu, mtu ahesabiwe mara moja. Ungedhani ni rahisi. Mgonjwa akitoka hospitali hii anajaribu ile. Huku katumia jina la baba, kule la babu. Umri kaupunguza miaka mitano akidhani muuguzi anatafuta mchumba. Kazi yangu ni kuwanasa hao, na nikikuambia ninaifurahia usinicheke. Mwaka jana nilimnasa bibi mmoja aliyekuwa watu wanne.

Kuna jambo hunikosesha usingizi, na najua wewe utalipenda. Nilipoanza kazi, kadi za tezi dume zilitosha kwenye sanduku la viatu. Leo zimejaza droo mbili. Je, ugonjwa umeongezeka, au ni sisi tumeanza kuutafuta? Mkuu wetu wa kazi, tunayemwita Mama Asilimia kwa sababu hata chai huipima, husema ukiwasha taa jikoni hukuleta mende, umewaona tu. Mimi humjibu kwamba wengine wamezaliwa kweli jana usiku. Tumebishana miaka sita na bado hatujamaliza.

Turudi kwa Baba. Aliandikiwa vidonge vya mofini vya kutuliza maumivu, vidogo, vya rangi ya zambarau, vinang'aa kama shanga. Kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa moja jioni. Na sheria ya vidonge ya nyumba hii hujaisahau. Tangu siku kile kidonge kilipomkwama bibi kooni mpaka akageuka rangi, hakuna dawa iliyopita mdomoni mwa mtu humu ikiwa nzima. Vijiko viwili, kidonge katikati, Mama anabonyeza, anazungusha, sukari kidogo, maji kidogo, fungua mdomo. Wewe umekua kwa unga huo. Nakumbuka ulimuuliza kwa nini kiwanda kisiuze unga moja kwa moja kuliko kujisumbua, akakunyima sukari kwa ujuaji.

Basi Mama alisaga. Asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, wiki tano.

Na mimi, kwa kuwa sijui kukaa karibu na kitu bila kukihesabu, nilichukua daftari nikaanza kuandika maumivu ya Baba kila saa, kutoka sifuri mpaka kumi. Siku za kazi Mama aliniandikia kwa penseli, maana kalamu ya wino haiamini. Baada ya wiki tatu nilichora mstari, nao ulinishangaza. Kila siku ulikuwa na umbo moja. Saa mbili asubuhi maumivu ni sifuri, na Baba analala usingizi wa gogo. Saa sita anaamka na tatu. Saa tisa ni saba. Saa kumi na moja ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na anauliza kama saa ya ukutani imesimama. Usiku vilevile, mpaka kunakucha.

Nikafikiri, ugonjwa gani huu unaofuata saa kama mwanafunzi wa bweni? Maumivu ya mfupa hayana ratiba. Kilichokuwa na ratiba ni vijiko.

Jumamosi moja Baba hakuamka kabisa mpaka karibu saa saba. Nilimtikisa, nikamwita, nikampangusa uso kwa maji. Alikuwa akipumua kwa kuvuta mbali, pumzi moja, kisha kimya, kisha nyingine. Nilihesabu pumzi saba kwa dakika nzima. Niliogopa, siwezi kukuficha, niliogopa sana. Alipofumbua macho aliuliza kwa nini nimemlowesha.

Siku hiyo ndiyo nilikumbuka barua yako ya Januari. Nisamehe, niliisoma mara ya kwanza kama mtu anavyosoma maelezo ya mashine ya kufulia. Uliandika kurasa mbili kuhusu kazi yako: jinsi mnavyozifunika chembe za dawa kwa ganda, au kuzichanganya na kitu kinachoziachia kidogo kidogo, ili kidonge kimoja kifanye kazi saa kumi na mbili badala ya nne. Nilimwambia Mama kwamba serikali imekupeleka kote huko kusomea haba na haba hujaza kibaba. Tulicheka. Jumamosi ile niliitoa chini ya meza ya cherehani nikaisoma tena nikiwa nimesimama, na kwenye ukurasa wa pili nikakuta mstari wako: ukikivunja kidonge cha namna hiyo, umefungua mlango wote, na dawa ya siku nzima inaingia kwa saa moja.

Nilikaa sakafuni. Kumbe jibu lilikuwa chini ya meza yetu miezi mitatu, limeandikwa na mtoto wa nyumba hii.

Kabla ya kidonge cha jioni nilikwenda kwa mfamasia na daftari langu. Alitazama mstari, akavua miwani, akaniuliza nani anasaga. Alisema alimwambia Baba kwa mdomo wake mwenyewe vimezwe vizima, na kwamba mzee wetu ana bahati kubwa ya kuwa hai. Nilipomkabili Baba alikiri kwamba aliambiwa, lakini hakuona sababu ya kuingilia mambo ya vidonge, idara hiyo ni ya Mama. Unamjua. Angeacha nyumba iungue kuliko kupita jikoni bila ruhusa.

Kumwambia Mama ndiko kulikonishinda. Nilizunguka maneno mpaka yeye mwenyewe akanikamata katikati ya sentensi. Alikuwa anakausha vijiko. Aliviweka mezani polepole, akasema:

"Kwa hiyo mkono uliokuwa ukimtesa ni huu wangu."

Nilimwambia si hivyo, hakujua, na nani angejua. Hakunisikia. Baba alisikia kutoka chumbani. Alikuja akiburuta kandambili, akachukua kidonge kwenye karatasi, akakitupa mdomoni kikiwa kizima, akanywa maji, akafungua mdomo kumwonyesha kwamba kimekwenda. Kisha akamuuliza Mama kama kweli alidhani mtu aliyefanya kazi miaka arobaini na misumari mdomoni atashindwa na kishanga. Hatujawahi kufikiria hilo! Fundi makochi, misumari kumi midomoni toka asubuhi mpaka jioni, anaongea nayo, anacheka nayo, na kidonge tunamsagia. Mama alicheka huku analia, na Baba akabaki amesimama pale akijisifu.

Sasa mstari kwenye daftari umelala. Mbili, mbili, tatu, mbili. Siku ya nne Baba alikaa macho kutwa nzima, akaomba nyundo yake.

Ila subiri, siku ya sita kulikuwa na kizaazaa. Baba alitoka chooni ameshtuka, akatangaza kwamba kidonge kimetoka kama kilivyoingia, kizima, na rangi yake. Mama akasimama palepale akaelekea kwenye vijiko. Si alisema! Ilibidi nipige simu kwa mfamasia, mbele yao wote wawili, sauti wazi. Mfamasia alieleza kwamba lile ni ganda tupu, dawa yote imeshabaki mwilini, ni kama kibiriti kilichokwisha njiti. Mama hajaamini. Kwa hiyo tafadhali, katika barua yako, andika kwa herufi kubwa kama ni kweli. Wewe atakuamini, ingawa mimi ndiye niliyekaa naye miaka yote hii.

Tangu hapo Baba amekuwa mwanafunzi. Nilimsomea barua yako yote, akanisimamisha kila mstari. Ganda limetengenezwa kwa nini? Linajuaje ni saa ngapi? Mtu akinywa maji mengi linaharakisha? Nikamwambia sasa najua jina la Bwana Kwanini lilitoka wapi. Kisha akauliza kama mnatengeneza pia dawa zinazodumu zaidi ya saa kumi na mbili. Nikamwambia uliandika zipo za wiki, zipo hata za miezi. Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani. Mimi sikushuku kitu.

Jumanne iliyopita kadi yake ilifika ofisini. Kijani kama nyingine zote. Fundi makochi, miaka sabini na moja, mtaa wetu. Kwetu kuna sheria kwamba mfanyakazi hagusi kadi ya ndugu yake, kwa hiyo niliipeleka kwa Mama Asilimia, nikamwomba angalau niwepo anapoiingiza. Ni ujinga, lakini nilitaka Baba ahesabiwe nikiwa nimesimama. Hakuinua macho. Aliniambia niiache mezani, ataishughulikia mwenyewe nikishatoka kazini.

Unanijua kichwa changu. Namba ya kitambulisho cha Baba naijua kwa moyo. Nilirudi kwenye kiti changu nikaiandika kwenye kompyuta, na mstari mwekundu ukatokea: mtu huyu ameshahesabiwa.

Kwanza nilicheka. Nikasema hata Baba ni wale wangu wa kuhesabiwa mara mbili, kaenda hospitali mbili bila kutuambia. Kisha nikasoma tarehe ya kugunduliwa. Tarehe tatu Juni, karibu miaka minne iliyopita. Mdogo wangu, wewe ulipanda ndege tarehe kumi na moja Juni, mwaka huohuo.

Nilisoma tena mara ngapi sijui. Mashuka yalikuwa yakipepea huko nje, na mtu alikuwa anapiga mhuri kwenye meza ya nyuma. Aliyeingiza kadi ile alikuwa Mama Asilimia. Amekaa mita mbili kutoka kwangu, tumekula pamoja, nimemlilia tangu Machi kuhusu Baba, na muda wote alijua. Nilimwendea na hasira zangu zote. Hakujitetea. Alifunga mlango, akasema, "Niliapa kuzitunza siri zao. Kukupenda wewe hakukunifungulia kiapo." Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu mimi pia nimeapa kiapo hichohicho, na siri za majirani zetu wangapi ninazo kichwani.

Nilifika nyumbani mapema. Baba alikuwa karakana, ameinamia lile kochi letu la zamani, lile lenye springi iliyokuwa ikiwauma wageni. Alikuwa anang'oa misumari. Sikumsalimia. Nilimtajia tarehe tu: "Tarehe tatu Juni."

Alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kopo.

"Mtoto alikuwa ameshafunga sanduku," akasema. "Ningesema, angelifungua."

Nililia, na nilimkasirikia. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, mimi siku zote nahesabu watu waliochelewa kwa sababu ya siri, na yeye kaniwekea ya kwake chini ya paa langu. Aliniacha nimalize. Kisha akanieleza bila haraka kwamba hakuchelewa hata siku moja. Alipogunduliwa walimpa achague kati ya kisu na sindano, naye akachagua sindano. Wanamchoma tumboni, wanaacha chini ya ngozi kijiti kidogo, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele, kinachoachia dawa polepole kwa miezi mitatu. Kikiisha, kingine. Hakuwahi kukosa. Kwa miaka mitatu na zaidi ugonjwa ulikaa kimya kabisa, hadi mwaka huu ulipoanza kukaidi, na sasa daktari ameongeza dawa nyingine juu yake. Aliinua shati akanionyesha alama, vidoadoa pande zote mbili za kitovu.

"Hiyo kazi anayoisomea huko," akasema, "mimi ninayo tumboni tangu hajaondoka."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Aliingia chumbani, tukasikia kabati la juu likifunguliwa, akarudi amekumbatia mzigo wa vitambaa mpaka kidevuni.

Wewe hukuviona, cha kwanza kililetwa wiki ya safari yako na vingine baada yako. Kila baada ya muda Baba aliaga kwenda kununua kitambaa, na kweli alirudi na kitambaa, mita mbili mbili, kila kimoja na rangi yake, wala hakuna kilichowahi kuvikwa kochi. Mama alikuwa akilalamika kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, ananunua tu. Alikuwa anavikunja na kuvipanga. Tuliviweka juu ya benchi la kazi nikavihesabu, nani mwingine angehesabu. Kumi na sita. Nne kwa mwaka, miaka minne. Cha mwisho, cha kahawia, ndicho kile alichokuwa nacho kwapani siku ngazi ilipomshinda.

Nilimuuliza kwa nini alijisumbua kununua. Alinishangaa kwelikweli. Alisema akiaga kwamba anakwenda kununua kitambaa, kisha arudi mikono mitupu, si atakuwa mwongo? Hapo ndipo Mama alipomaliza machozi yake yote. Alishika kile kitambaa cha kwanza, cha kijani, akamwambia kwamba siku hiyo alimgombeza kwa kuchelewa kurudi. Baba akasema anakumbuka, na kwamba alistahili.

Sasa naomba unisikilize, maana nakujua. Utaanza kupiga hesabu ungekuwa wapi na ungefanya nini. Acha. Ungebaki, angechomwa sindano ileile, na ugonjwa ungekuwa uleule. Isitoshe, barua yako isingeandikwa, na Mama angeendelea kusaga mpaka siku moja pumzi saba ziwe tano. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kuliko utakavyoifanya wewe, na kila mara inatoka vilevile. Ila kuumia, umia, hata mimi naumia. Nimemkasirikia siku tatu, na kila nikimpelekea chai hasira inapungua kijiko kimoja.

Alhamisi aliniita akasema, "Mwandikie." Basi. Hakusema niandike nini, kwa hiyo nimeandika yote.

Anachofanya sasa ni hiki. Nguvu anazo saa nne nzuri za asubuhi, na saa hizo anazitumia kwenye lile kochi. Springi ameikata. Mama anaunganisha vitambaa kwa cherehani, kimoja kimoja kwa mpangilio wa tarehe, na fundi redio anashikilia ncha Baba anapopigilia. Kijani cha Juni ile kimeanza kwenye mkono wa kushoto, kahawia cha Machi kimeishia kwenye mkono wa kulia. Halifanani na kochi lolote ulilowahi kuona, na mteja yeyote angelikataa. Viti vimekwisha, mikono imekwisha. Mgongo ameuacha wazi, sponji inaonekana.

Nilimwambia atumie mabaki, yapo ya kutosha. Akakataa. Sindano ya kumi na saba ni Ijumaa, tarehe tano Juni, saa tatu asubuhi. Anasema amechoka kwenda peke yake, na amechoka kuchagua rangi. Kitambaa cha mgongo anataka ukakichague wewe, baada ya kutoka kwa daktari, kwenye duka lile anakonunua siku zote. Hakuniambia nikuombe. Aliniambia nikutajie tarehe tu, kwa kuwa utaelewa. Mimi sina uungwana wake, kwa hiyo nakuomba: njoo. Mwambie msimamizi wako unakwenda kuitazama dawa yenu ikiwa kazini.

Unisalimie mwimbaji wa bafuni. Shangazi anakusalimu, na bado anauliza kama huko mnakula wali. Mjomba anakusalimu, goti lake halijambo na amerudi kuendesha baiskeli. Fundi redio anakusalimu na anasema ile redio uliyomwachia hajaipata spea. Mama Asilimia naye anakusalimu. Tumeanza kula pamoja tena, tangu juzi. Mama hakutumii salamu, anakutuma uvae sweta.

Mungu akufunike huko uliko, akufungulie njia mapema, akujalie nauli na ruhusa, na atuachie sote afya ya kukaa kwenye kochi moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata barua zako nikizisoma kwa kuchelewa,

Karani wa hospitali.

Baada ya kufunga bahasha imebidi niifungue. Baba amepita hapa mezani, ameulizia kama nimeandika tarehe, nikamwonyesha. Akasoma, kisha akasema nikuongezee kwamba mgongo wa kochi ndio watu huuona kwanza wakiingia, kwa hiyo usije ukachagua cha maua.